Ushuhuda wa J-13

Kwa siku nane tasnifu ya Cibalonza Zagabe ililala juu ya meza ya chumba cha kusomea cha kitivo, na hakuna aliyeifungua. Ndivyo ulivyo utaratibu: kabla ya mtahiniwa kusimama mbele ya jopo, nakala moja huwekwa wazi kwa siku kumi ili yeyote mwenye neno alilete. Kwa kawaida hakuna mwenye neno. Watu huja, hupima unene wa kitabu kwa macho, husoma kichwa chake na kwenda zao. Kichwa cha kitabu hiki kilisema kwamba kinahusu jinsia, mwili na shaka katika mpira wa miguu wa wanawake wa Bukavu, na wengi waliokisoma waliondoka wakitabasamu.

Siku ya tisa, Jumanne, kitabu kikafunguliwa kwenye ukurasa wa 187.

Benoît, mtunza chumba, ndiye aliyemwita. "Maman CT, kuya kwanza," alisema katika simu. CT kilikuwa kifupisho cha cheo chake, mkuu wa kazi, ngazi ya mwisho kabla ya uprofesa. Cibalonza alikuwa ameketi juu ya ngazi hiyo miaka kumi na minne, hata cheo kikageuka kuwa jina lake.

"Kuko nini, Benoît?" aliuliza alipofika, akihema kwa kupanda mlima wa chuo.

"Kuko mwanafunzi moya alipiga picha. Mi niliona ni ya masomo. Kumbe alituma mu groupe ya basupporters ba ile ekipe ya mpira."

"Picha ya nini?"

"Ya page moya tu." Benoît alishusha sauti ingawa chumba kilikuwa kitupu. "Ile ya Treize."

"Mimi sikuandika Treize mahali popote."

"Uliandika J-13, Maman." Akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemwonesha mkubwa wake kwamba amevaa blauzi nje ndani. "Sasa mu Bukavu yote, ni nani atashindwa kujua?"

Cibalonza alikaa juu ya benchi. Akafungua mkoba, akaufunga, akaufungua tena bila kutafuta kitu.

Miaka kumi na moja iliyopita, alipoanza kwenda uwanjani, hakuwajua wachezaji kwa majina. Alisimama peke yake pembeni mwa mstari, mwanamke mwenye miwani na mwavuli, akiandika alichokiona: J-4 amefika na mtoto mgongoni, J-9 ametukanwa na watazamaji, wanamwita dume. J ilikuwa ya *joueuse*, mchezaji. Namba ilikuwa ya jezi. Baadaye alijifunza majina, na baadaye zaidi, kwa kufuata kanuni za kazi yake, aliyafuta yote. Alifuta vijiji, umri, shule na parokia. Alijivunia usafi wa kazi hiyo. Namba aliziacha, maana kwa miaka yote hiyo zilikuwa zimekaa katika daftari lake kama alama za siri, naye akasahau kwamba zilikuwa pia mgongoni mwa wasichana, mbele ya watu elfu mbili, kila Jumapili.

Na J-13 alikuwa Aimée, mtoto wa mdogo wake Françoise. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na kwa miaka sita alikuwa akiishi katika nyumba ya Cibalonza pale Kadutu, pamoja na mzee Zagabe, babu yake. Mtaani hakuna aliyemwita Aimée. Watoto, wauza makaa na hata padri walimwita Treize, kumi na tatu kwa Kifaransa, kwa namba ya jezi yake.

Ukurasa wa 187 ulisimulia hivi: kabla ya mechi moja ya mashindano, viongozi wa timu pinzani walilalamika kwamba J-13 ni mwanaume, kwa sababu ya mbio zake na sauti yake. Viongozi wake mwenyewe, badala ya kumtetea, walimpeleka katika chumba cha kuwekea mipira pamoja na wanawake wawili waliookotwa miongoni mwa watazamaji. Aliambiwa avue. Alivua. Wanawake wale walitoka wakasema ni msichana. Kisha akavaa, akarudi uwanjani, akacheza dakika zote tisini.

Juu ya ukurasa huo ndipo sura nzima ya nne ilipojengwa, na juu ya sura ya nne tasnifu yote. Utetezi ulikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi.

 

Mzee Zagabe alikuwa sebuleni, amevaa koti lake la ualimu juu ya pajama. Alikuwa na miaka sabini na tisa, na tangu mwaliko uchapishwe alilijaribu koti hilo kila siku, kana kwamba lingeweza kubadili nia.

"Mabega yamenishinda, Ciba," alimwambia binti yake. "Zamani nililijaza. Sasa nimekuwa kama msumari ndani yake."

"Liko sawa, Papa."

"Umesema bila kutazama."

Aimée aliingia kwa mlango wa jikoni, viatu vya mpira vikiwa vimefungwa kamba shingoni. Aliwasalimu wote wawili. Aliosha mikono, akapakua fufu na samaki, akamwekea babu yake sehemu isiyo na miiba, kama alivyofanya kila siku. Halafu akasimama nyuma ya kiti chake bila kukaa.

"Tate, kula. Mi nilishakula."

"Ulikula wapi? Uwanjani hakuna mgahawa."

"Nilikula, Tate."

Cibalonza alitaka kusema. Alikuwa ameandaa sentensi tangu chini ya mlima, naye alikuwa hodari wa sentensi. Lakini Aimée alimtangulia, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei sokoni.

"Tantine, bananiambia niko page cent quatre-vingt-sept. Ni kweli?"

"Ni kweli kwamba kuna ukurasa wa 187. Jina lako halimo."

"Basi ni sawa," alisema Aimée. "Kama jina haiko, ni sawa. Njo maana leo ku soko bote walikuwa banacheka bila jina."

Akaingia chumbani kwake. Mzee Zagabe aliendelea kula, akatoa mwiba mmoja mdomoni, akauweka ukingoni mwa sahani kwa uangalifu.

"Ukurasa gani huo?" akauliza.

Cibalonza alikwenda kufunga mlango wa jikoni. Kabla Aimée hajaja kuishi nao, nyumba hii ilikuwa na sauti mbili tu: redio ya baba na mashine yake ya kuandikia. Wenzake wa kitivo, ambao walisoma mambo ya ardhi, machimbo na vita, walimsalimu kwa kuuliza mabao mangapi. Katika mikutano walimpa neno mwisho, watu wakiwa tayari wanakusanya karatasi. Mwanaume mmoja alimchumbia, akamngoja amalize kuandika, akachoka, akaoa Uvira. Ni Aimée aliyeleta kelele: ndala zinazoburuzwa, nyimbo, marafiki wanaoingia bila hodi. Jioni alikuwa akimuuliza, "Tantine, leo uliandika page ngapi?" na hakuna mtu mwingine duniani aliyemuuliza swali hilo.

 

Jumatano baada ya misa ya asubuhi, Maman Constance alikuja. Alikuwa shangazi wa Destin, kijana aliyekuwa ameshajitambulisha kwa ajili ya Aimée. Ng'ombe wawili wa mahari walikuwa wamekwishachaguliwa huko Mumosho, na tarehe ya kuwaleta ilisubiri tu msimu wa mvua upite. Aliketi ukingoni mwa kiti, akakataa chai, akasifu mapazia, akauliza afya ya kila mtu aliye hai katika ukoo. Mzee Zagabe, ambaye sasa alikuwa ameshaambiwa yote, alijibu kila swali kwa adabu na alingoja.

"Papa Zagabe, sisi hatukukuya na mubaya," alisema hatimaye. "Destin anamupenda mutoto. Lakini bantu banazungumuza, na muzee kwetu iko na tension ya damu. Tuliwaza, juu tu ya kufunga batu kinywa, mutoto aende na miye kwa docteur moya tunajua. Docteur mwanamuke. Ataandika karatasi, ataweka cachet, muhuri yake, biishe."

"Karatasi ya kusema nini?" aliuliza mzee.

Maman Constance alitazama mapazia tena. "Papa, weye ni muntu mukubwa. Unajua."

"Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu miaka thelathini na minane. Nisichoambiwa sikijui. Karatasi ya kusema nini?"

Mama yule akaanza kukunja ncha ya kitenge chake. Hakuwa mtu mbaya. Aliona haya kweli, na haya hiyo ilimfanya aseme kwa haraka na vibaya. "Ya kusema ni mwanamuke, Papa. Juu Maman CT ye mwenyewe aliandika kama kulikuwa mashaka."

"Sikuandika hivyo!" Cibalonza alisimama. "Niliandika kinyume! Nimeandika kwamba mashaka hayo ni njia ya kuwaadhibu wasichana kwa kuwa na nguvu. Umesoma, Maman Constance? Umesoma ukurasa wa mia moja themanini na nane?"

"Balituma page moya tu, maman," alisema mgeni kwa upole.

Aimée alikuwa mlangoni. Hawakujua alikuwa amesimama hapo tangu lini. Alikuwa amevaa sketi ndefu na blauzi ya kanisa.

"Tantine Constance, aksanti kwa kufika," alisema. "Umwambie Destin ni ye mwenyewe angekuya kuniuliza. Karatasi haiko. Bale bamama babili ba siku ile, sijue hata majina yabo. Kama munabatafuta, bao njo mashahidi."

"Mutoto, usikasirike..."

"Sikasirike. Niko nakupa njia."

Alimsindikiza mgeni mpaka barabarani, akambebea mwavuli, akamwita teksi na kumfungia mlango wa gari. Aliporudi alikuwa anatembea haraka. Alitia nguo katika mfuko wa michezo, akapiga magoti kidogo mbele ya babu yake kumuaga, na kusema anaenda Kavumu kwa mama yake.

"Mpaka lini?" aliuliza mzee.

"Sijue, Tate."

"Jumamosi utakuwa hapa. Ni siku ya tantine wako."

Aimée alimtazama Cibalonza kwa mara ya kwanza tangu jana. "Tantine," alisema, "ile siku nilikuwa na malaria. Ulikuwa unanipanguza na kitambaa. Mi nilikuwa naongea na weye. Sikukuwa naongea na université."

Akaenda.

Ilikuwa kweli, na katika nyumba ile ni wao wawili tu waliojua kwamba ni kweli. Katika mahojiano rasmi, yale ya kinasa sauti na karatasi ya ridhaa, Aimée alikuwa ameongea juu ya viatu, nauli na mabao. Juu ya chumba cha mipira hakusema neno. Alilisema miezi mitatu baadaye, alasiri moja, akitetemeka chini ya blanketi mbili, macho yamefumba. Cibalonza alimpangusa paji la uso na kumwambia yamekwisha. Homa iliposhuka na mtoto akalala, alikwenda mezani akayaandika yote, neno kwa neno, kabla hayajapotea. Alijiambia kwamba saini ya kwanza inatosha. Alijiambia pia kwamba ushuhuda kama huo utawalinda wasichana wengine, na hilo aliliamini kwa moyo wote.

 

"Unisikilize vizuri," alisema Profesa Apollinaire siku ya Alhamisi, ofisini kwake. Alikuwa msimamizi wake, mwanaume mpole aliyebakiwa na miezi miwili kabla ya kustaafu. Vitabu vyake vingine vilikuwa vimeshafungwa kamba. "Tutabadilisha alama. J-13 atakuwa Mchezaji B. Tutachapa upya kurasa kumi. Jopo litaelewa."

"Bukavu imeshasoma, Profesa."

"Bukavu husahau baada ya wiki mbili."

"Yeye hatasahau."

"Cibalonza, bila ukurasa huo sura ya nne ni maoni. Bila sura ya nne una makala, huna tasnifu. Miezi miwili ijayo mimi sipo. Yule atakayekupokea atakuambia uanze upya, au uache mpira usome mambo mazito. Unawafahamu."

"Nawafahamu."

"Alitia saini ya ridhaa, huyo mtoto?"

Hapa angeweza kusema ndiyo, na isingekuwa uongo mbele ya karatasi yoyote. "Alitia saini kwa mambo mengine," alijibu. "Hili aliniambia akiwa mgonjwa, nyumbani. Nilimwibia."

Profesa alivua miwani akaifuta kwa tai, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Jambo hilo," alisema, "hukupaswa kuniambia mimi."

Kabla ya saa sita Cibalonza alikuwa ameandika barua ya kuondoa tasnifu yake. Aliipeleka kwa Mélanie, katibu wa doyen, mkuu wa kitivo. Mélanie aliisoma mara mbili.

"CT, uko serieuse? Invitations zilishatoka. Doyen hayupo leo. Nitamuwekea ku meza kesho saa tatu. Mpaka kesho saa tatu, barua hii ni yako. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

Kwenye korido wenzake wawili waliacha kuzungumza alipopita. Mmoja alisema, "Courage, CT," kwa sauti inayotumika mazishini. Hakuna aliyemfuata. Aliteremka mpaka barabara kuu, akapanda gari la Kavumu, akakaa dirishani. Ziwa lilikuwa upande wa kulia, bluu na kimya. Kuanzia Mudaka mvua ikaanza. Njiani alipanga maneno yake. Alihisi, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, kitu kinachofanana na wepesi. Alikuwa anakwenda kumpa mtoto kitu kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo.

 

Françoise aliuza kabichi na nyanya kando ya barabara ya uwanja wa ndege. Alimpokea dada yake kwa mkono mmoja, mwingine ukihesabu nyanya za mteja.

"Yaya, dada yangu, karibu. Aimée iko nyuma ya nyumba." Halafu, bila kumtazama: "Usimuulize tena."

Aimée alikuwa chini ya paa la jikoni, akipukuchua mahindi ndani ya beseni. Alisimama, akamletea mama yake mkubwa kigoda, akakifuta, akarudi mahali pake. Cibalonza alisema aliyoyapanga. Alisema samahani bila kujitetea, na hilo lilimgharimu. Kisha akasema ameiondoa tasnifu. Hakutakuwa na utetezi. Ukurasa wa 187 hautaingia katika maktaba yoyote.

Alingoja. Punje za mahindi ziliendelea kuanguka.

"Jumamosi haiko tena?" aliuliza Aimée.

"Haipo."

"Na Tate, ulimwambia?"

"Bado."

"Miaka kumi na moya, Tantine." Aliweka gunzi chini. "Sasa batasema ni nani aliharibu? Mwanzo nilikuwa mwanaume. Sasa nitakuwa ule mutoto alikatisha maman CT doctorat. Priscille na benzake bote ba ku ekipe, bale uliandika mambo yabo, bakiniuliza mambo yabo ilienda wapi, mi nitajibu nini?"

"Nilifanya kwa ajili yako."

"Njo vile." Sauti yake, ile sauti nzito iliyowasumbua watu, ilishuka zaidi. "Ile mara ya kwanza, haukuniuliza. Leo tena, haukuniuliza. Unakuya kuniambia mambo imeisha. Kila mara mi nasikia mambo yangu nyuma, kama batu ba ku soko."

Cibalonza alifungua kinywa. Alikuwa amewauliza wanawake mia moja na sita juu ya maisha yao. Maswali yake yalikuwa yamepangwa kwa makundi, mepesi mwanzoni, mazito mwishoni, na lile la mwisho kabisa lilikuwa daima, je, kuna jambo ungependa kuongeza. Akatafuta miongoni mwa hayo yote, na hakuona linalofaa. Mvua iligonga bati. Nyuma ya uzio mbuzi wa jirani alilia kama mtoto.

"Barua iko kwa Mélanie," alisema mwishowe, polepole, na Kiswahili chake kikawa kile cha nyumbani. "Doyen bado hajaiona. Mpaka kesho saa tatu naweza kuitosha pale kwake. Naweza kuiacha. Naweza kwenda mbele yabo na niseme makosa ni yangu, na page ile tu niitoshe mu kitabu, bakinipa doctorat ao bakininyima. Mi sijue. Aimée, weye unataka nini?"

Aimée aliuangalia uso wa mama yake mkubwa kwa makini, kana kwamba anatafuta mahali kalamu ilipofichwa.

"Sijue," alisema.

"Sawa."

"Siwezi kukujibu mbio mbio tu juu weye uko na haraka."

"Sina haraka."

"Tantine, magari ya Bukavu itaisha. Na mvua hii."

"Nimesikia."

Aimée akachukua gunzi jingine. Hakumwambia abaki, wala hakumwambia aende. Mbele ya nyumba kondakta aliita Bukavu, Bukavu, nafasi moja, na sauti ya Françoise ikauliza kwa nguvu, "Yaya, unapanda?" Cibalonza alimtazama mtoto, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa na mikono yake imesimama.

"Mwambie aende," aliita.

Gari likaondoka. Punje zikaanza kuanguka tena, moja moja.